Acha Moja

Tangu asubuhi Titus alikuwa amekwenda kuchungulia masanduku ya kutagia mara saba, na mara zote saba alikuta maranda matupu. Masanduku sita ya mbao mpya, aliyoyapigilia mwenyewe kwenye ukuta wa banda na kuyapaka rangi ya samawati. Trakta yake ya kubeba miwa ilikuwa gereji wiki ya pili ikingoja kipuri, na mwanamume aliyezoea usukani akikalishwa nyumbani hapo Mayoni lazima atafute kitu cha kugonga nyundo. Kuku wake kumi na mmoja waliyapita masanduku yale bila hata kugeuza shingo.

Hilo lingevumilika. Kuku wanaotaga chini ya migomba au nyuma ya tangi la maji hawajamkosea mtu. Aliyemtoa Titus jasho ni yule mwekundu, aliyetembea kwa maringo hata Alice, mkewe, akambandika jina la Madam. Madam alizunguka boma zima, akapima, akakataa, kisha akachagua kitanda cha mama mkwe.

Mama mkwe, mjane wa mzee Osundwa wa Navakholo, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho la kulia huko mjini Kakamega. Jicho la kushoto lingefanywa baada ya wiki tatu. Walimpa chumba cha nje chenye mlango wake, kwa sababu kwa mila za kwao mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na mkwe hakanyagi kabisa pale mama mkwe anapolala. Kulala tu kwenye boma la bintiye kulikuwa kunamwaibisha yule mama. Sasa akiacha mlango wazi ili apate hewa, Madam anaingia, anapanda kitandani na kutaga. Jumanne mama, jicho moja limefungwa na jingine lina ukungu, akakalia yai.

Alhamisi hiyo, kabla ya kwenda kufundisha watoto wa chekechea, Alice alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama anasema kesho anaenda," alisema. "Eti hawezi kaa kwa boma ya mkwe akikalianga mayai yake. Na akienda, Baba Cindy, harudi kufanywa hiyo jicho ingine. Mwaka jana daktari akimwita, si alisema anaenda kupalilia tu? Ikawa mwaka mzima, mpaka akajimwagia uji ya moto juu haoni."

Titus alilijua kovu la uji ule kuliko alivyolijua lake mwenyewe la gotini. Kwa kuwa hakuruhusiwa kumtazama mama usoni, kila alipomsalimu macho yake yaliangukia mkono, na mkononi kulikuwa na lile kovu. Mama mzazi wa Titus alikufa kabla Cindy, bintiye, hajazaliwa. Tangu hapo mwanamke huyu asiyemtazama ndiye aliyekuwa akimtumia kunde na karanga kila msimu, na hajawahi kusahau. Titus alimpenda, na hakuwa na njia yoyote ya kusema.

Basi akawa anatembea. Kutoka tangini hadi bandani, kutoka bandani hadi tangini. Saa nne Madam akatoka kwenye migomba, akapita mbele ya masanduku ya samawati, akaingia chumbani kwa mama.

Titus akapiga makofi. Akasema shii. Zaidi ya hapo hakuweza.

"Wewe Madam," sauti ya mama ikatoka dirishani, "mwambie mwenye boma aache kutembeatembea hapo nje. Mimi mwenyewe sijui kutaga, na bado ananisumbua roho."

Titus alisimama ghafla. Halafu akaelewa kwamba si yeye aliyesemeshwa, ni kuku, na kwamba kuku anaweza kujibiwa.

"Madam," akasema akiangalia chini, "uliza mama nifanye nini na wewe. Sanduku iko. Nimepaka mpaka rangi."

"Rangi! Madam, ni wewe ulimwomba rangi? Mwambie hiyo rangi inanuka. Na sanduku zote zinaangalia barabara. Kuku haitagangi mahali watu wanaiona, inatakanga giza. Sasa yeye ametengeneza duka, halafu anachungulia kila saa."

Titus alikuna kichwa. Nusu yake iliona aibu, nusu ilitaka kucheka.

"Na yale mayai ya kule kwa migomba," mama akaendelea, "Madam, hebu mwulize, anaokotanga yote?"

"Madam, mwambie mama naokotanga yote."

"Ndiyo maana! Mwambie aache moja. Kuku ikirudi ikute lake, inajua hapa ni kwangu. Ukiokota yote inaona imefukuzwa, inahama."

Titus hakungoja kuambiwa mara mbili. Aling'oa sanduku la mwisho, akakwangua rangi kwa panga, akaligeuza mdomo uangalie ukutani, nafasi ya kuku kupita ikibaki, akatundika gunia juu yake. Akang'oa nyasi kavu akazijaza ndani. Alipomaliza, dirisha lilifunguka kidogo na leso ikatupwa juu ya kamba ya nguo. Ilikuwa moja ya zile mbili za doti ambazo mama alizitandika kitandani, maandishi yake yamefifia hata hayasomeki.

"Madam imezoea hiyo. Mwambie aweke ndani."

Hapo mkwe akashikwa na kitete. Kugusa leso ya mama mkwe! Alitazama huku na huku kana kwamba wazee wote wa Navakholo wamekaa juu ya paa. Mwishowe alichukua fimbo, akaiinua leso kwa ncha, akaibeba mbele yake hadi bandani kama mtu anayebeba nyoka. Nyuma yake alisikia mama akicheka peke yake. Akaizungushia kwenye nyasi, akaweka yai moja katikati, akarudi.

Sasa ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kutochungulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akainuka. Akakaa tena. Akaleta mahindi apukuchue, akapukuchua mpaka vidole vikawaka moto. Madam, aliyekuwa amefukuzwa kitandani kwa ufagio, alizunguka uwanja akilalamika. Akachungulia mlango wa mama, umefungwa. Akaenda bandani. Titus alitazama mahindi yake. Kimya kikakaa muda mrefu mpaka akajiambia mambo yameharibika.

Ndipo Madam akatoka chini ya gunia akipiga kelele za kuwatangazia majirani.

"Madam!" Titus akaruka, akakimbia hadi karibu na dirisha. "Mwambie mama umetaga!"

"Si Madam ako huko nje?" mama akasema. "Sasa unaambia nani?"

Kweli, hapakuwa na kuku wa kupitia. Titus alisimama na punje za mahindi mkononi.

"Mama," akasema, "usiende."

 Dirisha likafungwa polepole.

Ijumaa akaenda hata hivyo. Alisema ng'ombe wake ameachiwa watu wasiojua kukamua. Barnaba, jirani, alikuja na gari lake la Probox, Alice akabeba mfuko kwa uso uliokunjamana. Titus alisimama kando ya tangi, kichwa chini kama desturi inavyotaka, akiuangalia ule mkono wenye kovu ukishika mlango wa gari. Aliumia. Alijiona mjinga, yeye na masanduku yake.

"Ngoja," Alice akasema, "leso yako moja iko kwa kuku. Nikutolee uende nayo, naifua haraka."

Mama alikuwa ameshaketi, ile nyingine ya doti iko mabegani.

"Acha moja," akasema.

Alice akarudi nyuma, hakuelewa. Gari likashika njia ya Navakholo. Titus akaanza kwenda bandani kuitazama ile leso, akafika katikati ya uwanja, akasimama. Halafu akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, akaketi, na hakuinuka.