Kindege wa Kijivu wa Gongoni

Bwana Miwani, Mwingereza wa kupima barabara, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: ndege. Alisimama shingo juu chini ya kila mti wa Tabora mjini, mpaka watu wakamzoea. Asubuhi moja ya mwaka wa thelathini na nne akampiga risasi kindege wa kijivu pale Gongoni, akatangaza kuwa ni aina mpya, haijapata kuandikwa popote, na ataipa jina lake mwenyewe. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Raymundi, mchunaji wake: amchune, amjaze pamba, amfungie mguuni kikaratasi cha kusema dume au jike.

"Lazima awe dume," bwana alisema. "Akiwa jike, watasema ni mke wa ndege mwingine." Akaenda zake kazini.

Lo! Hata watoto wa Gongoni walimjua ndege huyo. Ni jike la chozi, yule mdogo wa mdomo uliopinda anayenyonya maua. Dume ndilo lenye kung'aa, jike ni la kijivu tu, na kiota chao ni kimoja. Raymundi alijua kabla hajashika kisu. Alipompasua akakuta na yai, bado laini, kama punje ya harage.

Akabaki nalo kiganjani. Abasi, mchunaji wa kabla yake, alimbishia bwana juu ya kunguru tu, na siku ileile akafungashiwa virago. Naye Josepha, mke wa Raymundi, alikuwa na mimba ya miezi minane; kumrudisha kijijini kwao Choma kwa miguu na tumbo lile kulimtisha. Basi akaandika "dume", kwa mwandiko safi wa shule ya misheni. Aliona aibu, lakini aliandika.

Saa kumi bwana alirudi, akasoma, akafurahi mpaka akamvutia Raymundi kiti.

"Nimefikiri sana," akasema. "Kazi ngumu umeifanya wewe. Ndege huyu ataitwa kwa jina lako. Watalisoma Ulaya miaka na miaka."

Raymundi aliwaona kabisa wasomi wa huko wakimpasua ndege mwingine kama huyo, wakikuta yai, wakicheka mpaka wanashika mbavu.

"Bwana, ni jike," akasema. "Ni mke wa chozi. Yai nimeliona kwa macho yangu."

Bwana Miwani akavua miwani. "Kwa nini basi uliandika dume?"

"Nilipoandika, bwana, jina lilikuwa lako."