Ndoo ya Miaka Sita

Mama Chiriku alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ulikuwa wa kupanga. Nguo za mwanawe zilikaa uvunguni mwa kitanda ndani ya ndoo za plastiki zenye vifuniko, kila ndoo na karatasi yake ya umri: mmoja, miwili, mitatu, mpaka mitano. Za baridi chini, za kushindia katikati, za kutokea juu. Ukichomoa soksi bila ruhusa, utajua hujui. Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi, alikuwa akimwita Mama Bohari, na akitaka kumchokoza alisimama mlangoni na kuomba kibali cha kutoa mzigo.

Fundi huyo ndiye aliyemshonea binti yao kila kitu, kwa vitambaa vilivyobaki kazini. Ndani ya ukosi alidarizi namba ya umri kwa uzi mwekundu ili mkewe asihangaike kupanga. Hata nguo za kupewa alizipitisha kwanza kibandani, "nikaziweke sawa."

Mtoto aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku ya kuhama ndoo alizunguka nyumba nzima na gauni jipya akitangaza, "Nimekua! Nimehama!" Mama yake alimtazama gauni lilivyomkaa, roho ikatulia, maana Chiriku hakuwa mtoto wa afya. Mwaka na nusu nyuma, daktari wa kliniki alimpima akakunja uso. "Mpe dawa hizi," alisema. "Kama baada ya miezi mitatu hajaongezeka, mrudishe haraka. Usisubiri."

Miezi mitatu ikapita, Chiriku akahama ndoo, nguo zikamtosha. Mama akaona ya nini kwenda kupanga foleni tangu alfajiri na mtoto anayetapika kwenye basi. Alimwambia mumewe kwamba wamekwenda, na daktari ameridhika. Akaendelea kumwambia hivyo kila baada ya miezi mitatu. Alidhani ni uongo mdogo, wa kumpunguzia mwenzake mawazo. Waliosema mtoto mbona mdogo aliwajibu kwamba ukoo mzima ni wafupi.

Jumamosi moja mchana mdogo wa Mama Chiriku alikuja kuchukua nguo ambazo Chiriku alikwisha kuzihama, amvalishe binti yake wa miaka mitatu. Alikuwa amekuja naye, mtoto wa kawaida kabisa, si mnene wala si mrefu. Wakati dada mtu anatoa ndoo ya miaka mitatu, yule mtoto alichomoa gauni la njano kutoka ndoo ya mitano, akajitumbukiza ndani yake. Likamkaa barabara.

"Mwone, kama alipimwa yeye!" mdogo mtu aliangua kicheko. "Dada, mitatu yangu inavaa mitano yako. Huyu nikamwandikishe jeshini."

Mama Chiriku alicheka naye, kisha akaliangalia lile gauni la njano. Alilitoa gauni la mitatu, akalitoa la minne na jingine la mitano, akayalaza kitandani moja juu ya jingine. Mitindo ilikuwa mbalimbali, hili marinda, lile mikono ya puto. Lakini mabega yalilingana. Vifua vililingana. Urefu ulizidiana kwa upana wa kidole.

"Dada, vipi tena?"

"Niangalizie mtoto. Narudi sasa hivi."

Alifika kibandani akihema, kandambili za miguuni hazifanani. Fundi alikuwa anakunja upindo wa suruali ya mteja. Alipoona magauni yale matatu mkononi mwa mkewe, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Uliyakata kwa kipimo gani?" mkewe aliuliza.

Fundi aliiweka suruali pembeni. "Chake," alisema. "Kipimo chake mwenyewe. Haongezeki, mke wangu. Siku ile mlipotoka kliniki ulilia kwa kila nguo uliyoikunja. Nikasema niandike namba tu, mwenzangu apumue. Hata viatu, namba za kwenye soli nilizikwangua kwa kisu."

"Ukanyamaza mwaka na nusu?"

"Si nilijua kliniki kuna mizani! Nilisema uongo wangu unaishia nyumbani, kule kuna watu wanaoujua ukweli. Na kila mkirudi unaniambia daktari ameridhika."

Mama Chiriku alikaa kwenye benchi la wateja, magauni mapajani.

"Hatukwenda," alisema. "Hata mara moja. Nilikuwa naangalia nguo."

Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwenye suruali akaingia kuiulizia, akawatazama mmoja mmoja, akasema atapita kesho.

Jumatatu walikwenda kliniki wote watatu. Mtoto akatolewa damu na mkojo, wakasubiri, wakaitwa. Daktari alikuwa yule yule, na hakuwagombeza. Laiti angewagombeza.

"Ni figo," alisema. "Figo zikianza kuchoka, mtoto huacha kukua. Ndiyo maana nilisema arudi. Mwaka jana tungezilinda. Sasa zimebaki kidogo sana, na sehemu iliyokufa hairudi. Mashine ya kusafisha damu ya mtoto mdogo kama huyu hatuna, wala tunakopeleka wagonjwa hawana. Tutachelewesha tu."

"Mpaka lini?" Fundi aliuliza.

Daktari alimtazama Chiriku, aliyekuwa akimweleza muuguzi habari za paka wa jirani. "Mpeni anachopenda," alisema.

Kugombana kungekuwa afadhali. Kila mmoja alifungua kinywa amlaumu mwenzake, akakuta maneno yake yanamrudia mwenyewe. Mtu angetaka sana kumkasirikia mmoja wao, lakini yupi? Kilichosikika ndani ya nyumba ile ni mdomo wa Chiriku peke yake, nao ulikuwa umeanza kuchoka.

Miezi ikapita, zikabaki wiki mbili atimize miaka sita. Siku hizo alishinda kitandani, uso umevimba asubuhi, miguu kama vijiti.

"Mama, nikifika sita nahama, sivyo?"

"Utahama."

"Maana hizi za mitano nimezichoka. Ni za watoto."

Mama yake alimsubiri asinzie, akampima polepole kwa utepe, bega, kifua, urefu, akaandika kwenye karatasi. Akajifunga khanga akaenda kibandani. Njiani alinunua ndoo mpya yenye kifuniko.

"Shona za sita," alimwambia mumewe. "Magauni manne. Na sare ya shule."

Fundi hakuinua macho. "Kwa kipimo gani?"

Akampa karatasi. Fundi aliisoma, akarudia kusoma pale palipoandikwa kifua, akainua macho kumtazama mkewe.

"Ndiyo," mkewe alisema. "Kata ndogo kuliko za mitano. Asije akaona zinampwaya."