Nguo za Ndani Tu

Nailoni haiungui kama pamba. Pamba huwaka, ikawa majivu, upepo ukayachukua, basi. Nailoni hujikunja kwanza, ikanywea, halafu ikayeyuka na kudondoka matone meusi yanayoendelea kuwaka hata yakishafika chini, na harufu yake hukaba koo. Mimi ni fundi cherehani. Harufu hiyo naijua, maana kila ninapouziwa kitambaa huchoma uzi wake mmoja kwa kiberiti nijue kama nimedanganywa. Kwa hiyo siku ile, nikiwa bado kwenye kijia cha kupandia nyumbani kwetu Nkoaranga, katikati ya migomba, pua iliniambia kinachoungua ni nini kabla macho hayajaona moshi. Nilivua viatu nikakimbia.

Nyuma ya jiko nilimkuta shangazi Aikaeli, dada yake marehemu baba, amesimama mbele ya moto. Alivaa gauni jeusi la msiba, kanga kiunoni, kijiti kirefu mkononi. Sanduku la bati la mama lilikuwa wazi miguuni pake, tupu. Kwenye ncha ya kijiti ilining'inia lesi ya rangi ya maziwa, na nikiwa natazama ikajikunja, ikawa nyeusi, ikadondoka. Kaka yangu Brayson alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaangalia simu yake.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Shikamoo yako umeidondosha Tengeru?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuuliza unafanya nini!"

"Nafanya kinachofanywa. Leo tunagawa nguo za mama yako. Za kugawa ziko sebuleni, watu wanachagua. Hizi si za kugawa."

Nilimpokonya kile kijiti. Maisha yangu yote sijawahi kumpokonya mtu mzima kitu, lakini siku ile nilimpokonya na kukitupa kwenye mibuni, nikaanza kusema. Nilimwambia kwamba alimwonea wivu mama alipokuwa hai na sasa anaumalizia wivu wake kwenye nguo zake. Nilimwambia roho yake ni nyeusi kuliko hayo matone. Niliyasema kwa sauti ambayo waliokuwa sebuleni waliisikia, kwa sababu maongezi yao yalikatika. Shangazi alinisikiliza akiwa ameshika kiuno, na kule kunisikiliza kwake ndiko kulikozidi kunitia hasira.

Mama yangu, Elinipa, alishona mashimizi kwa miaka arobaini. Cherehani yake ya mkono ilikaa dirishani, na wateja wake walikuwa manesi, walimu na maharusi. Alishona mashimizi marefu yenye lesi kifuani. Alishona magagulo ya marinda matatu, yale ya kuvaliwa chini ya sketi ili isimame na isishikane na miguu. Alishona hata sidiria za kitambaa, zilizozungushiwa mishono mpaka zikawa na ncha, ambazo mwanamke akizivaa humtangulia kusalimia watu kanisani. Hayo yote yalikuwa ya kufichwa. Mama alisema shimizi zuri ni kama sala ya chumbani, anayeijua ni mwenye kuisali.

Tena alikuwa na jambo lake moja. Mbele, juu kidogo ya lesi ya pindo, alitarizi jina la mwenye shimizi kwa uzi mwekundu, na alilitarizi kichwa chini miguu juu. Fundi mwenzake yeyote angedhani amekosea. Lakini mwenye shimizi akiinamisha kichwa na kuinua pindo kidogo, jina lilisomeka vizuri kabisa. Lilikuwa lake peke yake.

Langu alilishona miaka kumi na tisa iliyopita, wiki mbili kabla ya ndoa yangu. Lilikuwa la poplini nyeupe, na lesi yake aliitafuta mpaka Moshi. Nililitazama nikamwambia, "Mama, siku hizi nani anavaa mashimizi? Hizo ni nguo za mabibi." Nikaenda dukani nikanunua kitu cha kubana, kikaniwasha kanisani kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka. Mama hakugomba. Alilikunja shimizi langu kwa nne, akalilaza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akasema, "Litakungoja."

Sasa cheka, kama una moyo wa kucheka. Mimi niliyeyakataa mashimizi ndiye fundi anayetafutwa mjini, mtaa wote wa Sekei, kwa mitindo ya mabibi. Mabinti wanakuja na picha kwenye simu, wanataka vile walivyovaa bibi zao, ila wao wanataka vionekane. Nami nawafundisha. Nawaambia, usivae vyote vya zamani kwa pamoja, utafanana na mtu aliyetoroka kwenye maigizo. Chagua kimoja. Shimizi la lesi livae juu ya fulana nyeupe na jinzi, au lenyewe na koti la suti ukienda kwenye sherehe. Gagulo liache lichungulie vidole viwili chini ya sketi, visizidi. Sidiria yenye ncha inataka blauzi nyepesi na mgongo ulionyooka, maana haimvumilii mwanamke anayejikunyata. Juu ya mlango wangu nimeandikisha kibao: NGUO ZA NDANI ZA KIZAMANI, VAA NJE. Watu wanapiga picha nacho.

Mama alikiona mara moja tu, kibao hicho. Alikisoma, akanitazama, akaomba maji ya kunywa. Mwezi mmoja baadaye alifariki. Tangu siku ya maziko nilikuwa na wazo moja tu lililonishika: Jumapili ya ibada ya shukrani nitavaa shimizi langu. Nitalivaa mbele ya watu wote, chini ya koti jeusi ambalo nilishalitafuta kwenye mitumba ya soko la Kilombero na kulipunguza mabega. Nitakuwa nimemjibu mama, hata kama nimechelewa kwa miaka kumi na tisa. Hilo ndilo nililolifuata Nkoaranga siku ile, na hilo ndilo lililokuwa moshi.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza niliponyamaza kuvuta pumzi.

"Sijamaliza! Uliona jina langu? Lilikuwa na jina langu!"

"Niliona uzi mwekundu. Herufi ndogo hivyo macho yangu hayazioni tena." Alifungua kanga, akaifunga upya. "Agnela. Jumanne nilikupigia simu. Nilikuuliza nini?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Jumanne nilikuwa nimepiga magoti dukani, nampimia Magreth, bi harusi wa mwezi ujao, na pini sita mdomoni. Simu ilikuwa begani, nimeibana kwa shavu. Shangazi alisema amefungua sanduku la chini ya kitanda, ameona vitu hajui aviweke wapi, je, ni nini? Nami, kwa meno yaliyobana pini, nikampa jibu fupi kuliko yote.

"Ulisema, 'Nguo za ndani tu, shangazi,'" alisema. "Nikakuuliza tena, 'Una hakika?' Ukasema, 'Za ndani, za ndani, tutaongea.' Ukakata."

Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu ili kila mmoja aondoke na kumbukumbu. Sweta huenda kwa huyu, kitenge kwa yule. Nguo za ndani hazigawiwi. Hazivaliwi na mwingine, hazitupwi jalalani mbwa wakazivuta. Huchomwa, na huchomwa na mwanamke mtu mzima wa ukoo, mchana, bila maneno. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini dukani kwangu neno hilo lilishakuwa kibao, lilishakuwa picha za simu, na nilikuwa nimelitamka mara nyingi hadi nikasahau kwamba huku mlimani bado lina moto ndani yake.

"Ulipaswa kujua!" nilisema, ingawa sauti ilikuwa imeanza kunikimbia. "Ulimwona akiyashona! Ulijua ni mashimizi!"

"Nilijua. Kwangu mimi shimizi ni gauni. Ningeulizwa mimi, ningesema tuyagawe, na moja ningelichukua mwenyewe, nisikufiche. Ndiyo maana nilikupigia wewe, mtoto wake, tena fundi. Nikasema atakachosema Agnela ndicho." Alinyoosha kidole kwenye moto. "Neno ulilitoa wewe. Mimi nilitoa kiberiti tu."

Brayson aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Dada, basi. Tutatafuta mengine yanayofanana, mjini yamejaa."

"Nyamaza wewe!" tulimwambia mimi na shangazi kwa pamoja, naye akakaa.

Hasira ni mnyama mbaya asipokuwa na pa kwenda. Ilikuwa imesimama mlangoni kwa shangazi, nikaifukuza, ikarudi kwangu. Nilimkasirikia mama kwa kutogomba siku ile, kwa kulikunja tu na kulingojesha. Nilimkasirikia Magreth na harusi yake. Nilizikasirikia pini. Nilichukua kipande cha ufito nikapekua majivu kama kuku, nikitafuta hata herufi moja ya jina langu. Poplini haibakizi kitu. Nilichokipata ni vile vipete vidogo vya chuma vya kurefushia kamba za mabegani, vimekuwa vyeusi, vya moto. Niliviokota hivyo hivyo vikaniunguza vidole, nikaviweka kwenye kiganja, sikuviachia. Nililia kwa hasira, machozi yale yasiyompunguzia mtu kitu.

Shangazi aliniacha nilie. Halafu nikasikia anasema, "Brayson, geukia kule."

"Kuna nini?"

"Nimesema geuka, wewe mtoto."

Brayson akageuka na ndoo yake. Shangazi aliitupa kanga begani, akashika gauni la msiba kwa mikono miwili, akalipandisha taratibu mpaka magotini. Chini yake palitokea pindo la shimizi. Lesi yake zamani ilikuwa ya maziwa, sasa ilikuwa ya chai, na mahali pawili ilikuwa imetiwa viraka kwa mishono midogo kiasi kwamba hata mimi nilihitaji kuinama kuiona. Ilikuwa mishono ya mama.

"Alinishonea nilipoolewa," alisema. "Kila lilipochanika nililileta, akalitengeneza. Leo nimelivaa kwa sababu ya kazi niliyokuja kuifanya. Sikutaka kuyachoma ya kwake nikiwa sina lake mwilini."

Nilinyoosha mkono kuigusa ile lesi, nikamwinulia macho.

"Na usinitazame hivyo, sikupi. Nitazikwa nalo au wataligawa, hilo bado sijaamua. Lakini wewe si fundi? Futi yako iko wapi?"

Ilikuwa shingoni, inakokaa siku zote. Vipete nilivitia mfukoni. Nikapiga magoti kwenye udongo mweusi mbele yake, nikafungua kidaftari, nikaweka pini tatu mdomoni kwa mazoea. Bado nilikuwa na hasira. Naye pia, nilisikia pumzi zake puani. Lakini mtu amepiga magoti mbele ya shangazi yake, atasema nini kingine?

"Shikamoo, shangazi," nilisema kwa meno.

"Marahaba. Pima. Goti la kulia usiliguse, linauma."

Nilipima upana wa pindo. Nilihesabu matundu ya lesi, nikachora jinsi kitambaa kilivyokatwa mshazari ili kimfuate mwanamke badala ya kumbana. Mama hakuwahi kunionyesha mkato ule, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilipofika mbele nikauona uzi mwekundu, umefifia ukawa wa kutu, na herufi zimepinduka. Nililaza kichwa begani nizisome.

"Kwako limepinduka," alisema shangazi huku ameinama, ameshika pindo. "Kwangu limesimama."

Sauti zilikuwa zimerudi sebuleni, na mtu mmoja alicheka. Moto ulikuwa umebaki makaa. Shangazi hakulishusha gauni lake.

"Siku nikifa mimi, Agnela, watalifungua sanduku langu. Watalikuta hili. Hawatajua waliweke wapi, na watakupigia simu wewe. Watakuuliza, hiki ni kitu gani? Utawajibu nini?"

Nikatoa kwanza pini zote mdomoni.