Friji la Viatu vya Kushoto

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Na kwa kuwa najua wapo watakaotikisa kichwa, naweka dhamana: yeyote atakayenikamata na uongo hata mmoja humu ndani, nitambebea mzigo wake kutoka nyumbani kwangu hadi gatini, pekupeku, saa tano mchana, lami ikiwa imeshaanza kulainika. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba hapo sitanii.

Nilikuwa fundi wa mafriji. Sikusomea. La kwanza nililifungua kwa udadisi, nikalifunga kwa woga, likawaka. Tangu siku hiyo, kwa miaka thelathini na nne, nilitengeneza mafriji ya kisiwa kizima, ya madukani, ya zahanati na ya majumbani. Muuza nyama mmoja nililitengeneza lake vizuri mno mpaka nyama ikaanza kupiga chafya. Nilipostaafu lilibaki moja tu uani kwangu, jeupe, refu kama mlango. Mwenyewe alihamia ng'ambo akaniachia. Miaka kumi na moja halijawahi kuwaka. Usilisahau hilo friji.

Meli huja kisiwani mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Hufika asubuhi na huondoka saa sita kamili, na nahodha wake hamsubiri hata mkewe. Kutoka kwangu hadi gatini ni dakika arobaini kwa mguu. Ndugu zangu wote wako ng'ambo, na binti yangu pia. Wakija kunitembelea huja Jumanne, huondoka Ijumaa. Tangu mke wangu afariki, miaka tisa sasa, nyumba yangu hupata sauti za watu kwa siku tatu, halafu inarudi kusikiliza saa ya ukutani.

Mgeni wa kwanza kupotelewa na kiatu alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ijumaa, saa nne asubuhi, begi limeshafungwa, kiatu cha kulia kipo mlangoni, cha kushoto hakipo. Nikashusha pumzi kama mtu aliyechoka na jambo la siku nyingi, nikamweleza habari za Meja.

Meja ni kaa. Kaa wa nchi kavu, mpana kama sinia, mwenye gando la kupasulia nazi. Mwaka wa kimbunga jiwe lilimwangukia likamkata miguu yote ya kushoto, na tangu hapo hawezi kukiona kiatu cha kushoto akavumilia. Cha kulia hana ugomvi nacho.

Mkwe wangu ni mpima ardhi, mtu wa kamba na vipimo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Baba, kaa mwenye miguu ya upande mmoja anatembeaje?"

"Kwa kuzunguka, mwanangu. Ndiyo maana hakamatwi."

Tulimtafuta saa mbili nzima, mimi nikiongoza msafara kuelekea kule ambako nilijua hakuna kitu. Honi ya meli ilitukuta tumepiga magoti chini ya uzio wa jirani. Utaniuliza kwa nini hakuvaa ndala akaenda zake. Nami nilijiuliza. Mtu mwenye haraka hutafuta kiatu. Wazo la ndala humjia meli ikishaondoka.

Sasa nikwambie kwa nini nilifanya hivyo. Siku tatu za kwanza mgeni ni mgeni tu. Anaketi ukingoni mwa kiti, anakupa habari alizozipanga melini: watoto hawajambo, kazi inaendelea, vitu vimepanda bei. Nawe unamjibu zile ulizozipanga jikoni. Lakini meli ikishamwacha, anaegemeza mgongo. Mkwe wangu Jumamosi ile alipanda juu ya bati kuziba panapovuja, na akiwa huko juu, misumari mdomoni, akaniambia anaogopa kwamba atakuwa baba mbaya. Hapo ndipo nilipojua kuwa binti yangu ana mimba. Habari kama hiyo haisemwi Jumatano. Mpwa wangu aliyeacha chuo aliniambia Jumapili, tukimenya viazi. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alisubiri mpaka Jumatatu jioni ndipo akanisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akiimba utotoni, akichota maji, njia nzima. Mimi niliishi naye miaka thelathini na moja, sikuwahi kumsikia akiimba.

Kwa hiyo Meja aliendelea na kazi. Viatu saba kwa miaka tisa. Vyote nilivipanga katika friji lile bovu, rafu kwa rafu, nikalifunga kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni. Kwa nini sikuvirudisha? Ningesemaje, kwamba Meja ameokoka?

Jumanne moja ya mwaka huu akaja dada yangu. Ananizidi miaka sita, mkunga mstaafu, mikono yake imepokea watoto wasiohesabika, na akikutazama unajiona umezaliwa jana. Alikuwa hajafika kwangu tangu msiba, na safari hii hakutoa taarifa.

Jambo moja sikulijua siku ile, nawe nakuambia mapema usije ukasema nimekuficha: Jumatatu iliyofuata alikuwa apasuliwe macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, wangeanza na la kulia. Daktari wa macho hufika hospitali ya kule kwao mara moja tu kwa mwaka. Akiikosa meli ya Ijumaa, hiyo ya Jumanne ingemfikisha daktari ameshafunga mkoba wake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda, au ni mimi ninayekuona nusu?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Siku zile tatu alizunguka nyumba nzima akipapasa kuta. Picha ya wazazi wetu aliitoa ukutani akaisogeza mpaka ikagusa pua. Jumatano aliniweka kwenye kiti karibu na dirisha, akanitazama muda mrefu mpaka nikahisi ninauzwa.

"Kuna nini usoni kwangu?"

"Uso," akasema.

Alhamisi tuliongea habari zilezile za ukingoni mwa kiti. Watoto hawajambo. Vitu vimepanda bei. Nikamwona kama ana neno linalomkaa kooni, nikasema moyoni, hili la Jumamosi hili.

Ijumaa asubuhi, alipokuwa bafuni, nikachukua kiatu chake cha kushoto. Kilikuwa kizito kidogo. Soksi ilikuwa imesokomezwa ndani. Sikujali. Nikakiweka rafu ya juu, nikafunga kufuli.

Saa nne jirani yangu, mama mshonaji, akaja na futi yake shingoni kumuaga mgeni. Dada akatoka na begi, kiatu kimoja mguuni. Hakuinama kutafuta. Akasimama katikati ya ua.

"Mdogo wangu, kiatu changu kiko wapi?"

Nikashusha pumzi yangu ile. Nikaanza habari za Meja: sinia, kimbunga, jiwe, miguu ya kushoto. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu.

"Na huyo Meja ana mke?"

"Alikuwa naye," nikasema. "Alifariki."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mama mshonaji akatazama chini. Dada akamgeukia. "Mama, hebu niazime simu yako."

Akabonyeza namba moja moja, simu imekaribia kugusa kope. Akasubiri.

Friji likawika.

Jogoo mzima, kutoka ndani ya friji ambalo halijapata umeme miaka kumi na moja. Likawika mara ya pili, ya tatu. Mama mshonaji akanitazama. "Fundi," akasema, "limepona."

"Pokea," dada akaniambia. "Huenda ni Meja."

Za mwizi arobaini. Mimi sikufika hata kumi. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua. Kiatu chake kilikuwa pale juu, na ndani ya soksi simu inamulika. Chini yake viatu saba vimetulia kama abiria.

Mama mshonaji akaanza kuvihesabu kwa kidole, akakatisha. Dada hakucheka.

"Ulikuwa na miaka sita," akasema, "ulipoficha kiatu cha baba kwenye pipa la mchele asirudi kazini. Nilichapwa mimi."

"Nilidhani umesahau."

"Aliyechapa ndiye anayesahau. Tangu mkweo aliponieleza habari za huyo kaa wako, nilijua ni pipa la mchele." Akavaa kiatu. Ndipo aliponiambia habari za Jumatatu, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma cheti.

"Kwa nini hukusema tangu Jumanne?"

"Ungeogopa. Mimi peke yangu ninaogopa vya kutosha watu wawili. Nilikuja nikuone kabla, endapo jicho litaharibika." Akanyoosha blauzi. "Usingekuwa mtundu ningekwenda na simu yangu mkobani na wewe usingejua kitu. Sasa umejua. Vaa viatu."

"Vyangu?"

"Una vingine? Naam, unavyo, ila vyote ni vya mguu mmoja. Tunaondoka wote."

Hapa nikiri jambo. Miaka tisa nilikuwa sijavuka maji. Watu niliwaambia nimegombana na nahodha, wengine niliwaambia natapika. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho nilivuka na mke wangu tukiwa wawili, nikarudi na mkoba wake. Hospitali ni hiyohiyo.

"Na friji nitamwachia nani?" nikauliza.

"Kwani linakwenda wapi?" mama mshonaji akasema, tayari ameshika ufagio, ananifungia dirisha.

Tuliiwahi meli. Mimi nilibeba begi la dada mkono mmoja, na mkono wa pili gunia la viatu saba. Nahodha akanipa mkono kama mtu ambaye hajawahi kugombana na mimi.

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la mbao katika korido ileile. Nilihesabu vigae, nikafika mia mbili na sita, nikaanza tena. Walipomtoa dada akiwa kwenye kiti cha magurudumu, bendeji jichoni, vumbi likaniingia jichoni, nikafuta kwa leso. Basi, hakuna zaidi. Dada akanyoosha mkono hewani. "Nani huyo?"

"Meja," nikasema.

Akaushika mkono wangu hadi wodini.

Wiki iliyofuata nililipa deni la viatu, nyumba kwa nyumba. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji alikipokea chake, akaingia ndani, akatoka na cha kulia. Alikuwa amekitunza miaka sita, hajui kwa nini. Mkwe wangu aligeuza chake huku na huku, akasema tu, "Kwa kuzunguka, eh baba?" Binti yangu ndiye aliyeniuma. Alikipakata kile kiatu cha mumewe kama kitu kinachopumua. "Baba," akasema, "kwani kuomba kunauma?" Nikamwambia kunauma. Akasema, basi jaribu. Nikajaribu, nikalala kwake siku kumi.

Mwezi uliopita dada alikuja tena, Jumanne. Jicho lake la kulia sasa linaona sindano ya mama mshonaji kutoka upande wa pili wa barabara. Nikampa kurasa hizi azisome. Alizisoma dirishani bila miwani, amefumba la kushoto, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza akazikung'uta zikae sawa.

"Nyama iliyopiga chafya nakusamehe," akasema. "Sikuwepo."

"Ahsante, dada."

"Lakini hili la vumbi. Korido ile ilipigwa deki mara mbili nikiwa ndani. Harufu ya dawa yake ilinifikia hadi kwenye meza ya kupasuliwa. Vumbi lilitoka wapi?"

"Lilikuwa dogo."

"Mdogo wangu, ulilia mpaka muuguzi akakuletea maji. Nilikusikia kabla mlango haujafunguliwa. Bendeji ilikuwa jichoni, si masikioni."

Dhamana nimeiandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza, kwa wino.

Ijumaa, saa tano, nikavua viatu mlangoni, vyote viwili, nikabeba begi. Lami ilikuwa imeiva. Nilitaka tukimbie. Lakini dada yangu, mtu ambaye hajawahi kusimama njiani maisha yake yote, siku hiyo alimsalimia kila aliye hai. Alimwuliza fundi baiskeli habari za mgongo wake. Alimpongeza mama mmoja kwa maua yake, ua moja moja. Mimi nabadilisha mguu, kulia, kushoto, kulia, kama kaa ninayemjua.

Tulikuwa kwa muuza mkate honi ilipolia.

"Dada, meli hiyo."

"Naisikia," akasema, bila kugeuka. Alikuwa akiuliza mjukuu wa muuza mkate ameota meno mangapi. Alipojibiwa ndipo akanitazama, macho yote mawili. "Dhamana ilisema hadi gatini, sivyo?"

"Ilisema hivyo."

"Basi hujalipa. Utaanza upya Jumanne." Akaanza kupanda barabara kurudi nyumbani, na mimi nyuma yake na begi, nikitafuta vivuli vya kukanyaga.