Maharage Yaliyogoma Kuiva

1.

TANGAZO

Kwa walimu wote. Kesho Alhamisi, saa nne asubuhi, tutampokea mthibiti ubora wa shule. Atakagua Kitengo cha Mahitaji Maalumu na kushauri kama kiendelee au kifungwe. Madarasa yote yadekiwe leo. Sakafuni kusionekane kitu.

Mwalimu Mkuu

2.

Kusionekane kitu! Haya, wewe unayesoma, hebu niambie: vitu vya watoto wa Kitengo vikae wapi, kama si sakafuni?

3.

Vifaa vyetu vya kugusa na kusikia (mwandiko wa Mwalimu Sifuni, mwenye darasa):

madodoki mawili
chupa sita za maji. Ndani mchele, kokoto, vizibo vya soda
ubao uliogundishwa gunia, kanga, msasa, ngozi ya mbuzi
mto wa mchanga, wa kumwekea mapajani asiyetulia
beseni la kijani, limejaa maharage. Humo ndani: kifungo chekundu cha koti. Ni cha Zawena. KISIPOTEE

4.

Zawena ana miaka tisa na hasemi. Kila asubuhi anatumbukiza mikono kwenye beseni mpaka viwiko, anapapasa, anapapasa. Akikipata kifungo anashusha pumzi, na siku ya darasa zima inaanza.

Asipokipata

5.

Mama Zawena, getini, Jumatano:

"Mwalimu, shule nne zimenirudishia huyu. Moja wakasema ana mashetani, nikatafute mganga. Hapa kakaa miezi kumi na minane. Wakikifunga hiki kitengo, na mimi sokoni lazima niende, si itabidi nimfungie mlango kwa…"

Akaangalia kufuli la geti.

6.

Sasa lije kosa, na kosa ni la Sifuni mwenyewe, tusimsingizie mtu.

Pale shuleni, kilichoingia stoo ni cha jikoni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila hata paka anaijua. Sifuni naye anaijua. Lakini Jumatano mchana alikuwa na dekio mkono mmoja, beseni kiunoni, na Mwalimu Mkuu anapita kila dakika tano kutazama sakafu. Akalisukumiza stoo. Nitalitoa asubuhi, akajisemea.

Asubuhi ikamkuta akipiga pasi mapazia.

7.

Yaliyosikika jikoni, Alhamisi, saa tatu na nusu, kati ya msaidizi na mpishi:

"Bi Mwanakombo, maharage gani haya? Tangu saa kumi na mbili yapo motoni, magumu kama gololi!"

"Yamezeeka hayo. Tia magadi."

"Nimetia. Yananicheka tu."

"Basi yamewekwa ndani kama mwari. Hayataki kuonekana na mgeni."

(Vicheko. Mfuniko wa sufuria.)

8.

Beseni.

Tupu.

9.

"Bi Mwanakombo! Maharage yangu!"

"Yako tangu lini? Nimeyakuta stoo. Mgeni mzima anakuja, nimpe wali mkavu?"

"Watoto wanayachezea yale, mwaka na nusu sasa!"

Mpishi akatazama sufuria. Akatazama dari.

"Nimeyaosha maji matatu," akasema polepole. "Na nusu bado yapo kwenye ungo, sijayachambua. Hayo ya motoni niliyatia alfajiri, taa hakuna, macho yenyewe ndiyo haya. Mwanangu, asijue mtu."

"Na kifungo?"

"Kifungo gani?"

10.

Saa nne kasoro dakika tano. Zawena ameingia darasani, maana leo watoto walizuiwa nje mpaka mapazia yatundikwe. Amechuchumaa mahali pake. Ameshusha mikono.

Sakafu inang'aa.

11.

aaaaaa

aaaaaaaaaaaa

Kichwa ukutani. Mara moja. Mara mbili.

Mara ya tatu kilipiga kiganja cha Sifuni, alichokitanguliza kati ya ukuta na paji la uso.

12.

FOMU YA UKAGUZI

Usafi wa sakafu: mzuri sana
Vifaa vya kugusa: VIPO / HAVIPO
Wanafunzi walioandikishwa: 7
Waliopo darasani:

13.

Sita.

Aligeuka kumsalimu mgeni tu, jamani. Kusema "karibu." Kiganja kilitoka ukutani kwa muda wa neno moja.

14.

Kwenye mlango wa jikoni: MARUFUKU WANAFUNZI. KUNA MOTO.

Mlango uko wazi.

15.

Bi Mwanakombo amekaa kwenye kigoda, ungo magotini. Mbele yake amechuchumaa Zawena, mikono ndani ya maharage. Paji limevimba. Kelele hakuna.

"Usimguse, mwalimu," mpishi akanong'ona. "Kashaniokotea mawe manne. Manne! Mimi sikuona hata moja."

"Kifungo?"

"Bado."

16.

Nyuma ya Sifuni, viatu. Mthibiti ubora, Bwana Magesa, faili kwapani. Alisoma tangazo la mlangoni. Akautazama moto. Akamtazama mtoto. Kwa mbali Mwalimu Mkuu akakohoa kikohozi cha mtu aliyeuona mwisho wake.

"Huyu ni wa Kitengo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilitaka… yaani beseni lilikuwa…"

"Shikamoo, mama," mgeni akamgeukia mpishi.

"Marahaba, baba. Anatafuta kifungo chake. Kama hakimo humu, basi nimekipika. Weka hilo faili, ukunje mikono ya shati, utusaidie."

17.

Vifaa vya kugusa: VIPO / HAVIPO

Faili liko juu ya gunia la mkaa. Kalamu iko juu ya faili.

18.

Mikono minane kwenye ungo mmoja. Sifuni anahesabu pumzi za Zawena, maana maharage yanapungua, yanahamia kwenye bakuli

moja

moja

moja

mpaka unaanza kuonekana ukindu wa ungo.

Kifungo hakuna.

Vidole vya Zawena vikasimama. Mabega yakapanda. Sifuni akakitanguliza kiganja.

Ndipo sufuriani, chini ya mfuniko, kitu kikagonga.

Tk.

Zawena akainua kichwa.

Tk.

Bwana Magesa naye.