Uchaga wa Mama Kadzo

Unga ulikuwa ukimwangukia Hannah mabegani tangu asubuhi, na kila akijipangusa ulianguka mwingine. Aliinua macho. Juu yake, kwenye uchaga, lile ghala la fito chini ya paa la jiko, dumuzi walikuwa wakitafuna mahindi ya mavyaa yake bila haya wala hofu. Alitoka uani, akarudi, akatoka tena.

Kosa lilikuwa la mumewe, Fondo, na lilitokana na mapenzi. Mama Kadzo, mavyaa yake, alipozidiwa na kifua, walimpeleka hospitali ya Msambweni akalazwa. Siku hiyo Hannah aliitafuta leso yake mwenyewe ya maua mekundu amfunike, asiione. "Iache, mwanangu, itaonekana," mama alisema kwa pumzi za shida. Walipomwacha huko wakarudi nyumbani, Fondo aliapa kwamba mamaye hatavuta moshi tena. Akang'oa mafiga, akaleta meko ya gesi, akasimama juu ya kiti akazikwangua fito kwa kisu na sabuni mpaka masizi yakaisha. Jiko likapendeza. Mtu aliyekulia chini ya moshi ule alisahau kwamba ndio uliokuwa ukiwafukuza wadudu! Na Hannah naye alisahau, maana alikuwa amechoka kutokwa na machozi kila akipika.

"Panda uitoe mbegu," Hannah alimwambia mumewe.

"Mimi? Mwanamume apande uchaga wa mamaye? Kijiji chote hapa Samburu kitanicheka."

"Basi nitapanda mimi."

Fondo akasimama. "Uchaga una mwenyewe, Hannah. Mama hajakukabidhi. Ukipanda, umesema harudi. Umemzika angali hai."

Hannah alilijua hilo. Kwao, mwanamke mmoja tu hupanda uchaga wa nyumba. Siku akiona zamu yake imekwisha, hutandika leso ya mkazamwana wake chini ya mbegu, na kuanzia hapo uchaga ni wa mwenye leso. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na mbegu ile, ya mahindi mafupi yanayokomaa kabla jua halijaliunguza shamba, haikuuzwa duka lolote. Mama Kadzo aliipokea kwa mavyaa yake. Ikiliwa yote, imekwisha.

"Heri anitukane, mradi apate cha kupanda," akasema, akaegemeza ngazi. Fondo akatoka nje asione.

Juu kulikuwa na joto na vumbi. Mahindi ya mbele yalikuwa matundu matupu, yakimvunjikia mikononi. Hannah alitambaa akiyasukuma kando mpaka kwenye kona ambayo kisu cha Fondo hakikuifikia. Huko masizi yalikuwa bado mazito. Mbegu ilikuwa imelala humo na maganda yake, nyeusi, nzima. Akaikumbatia kwa furaha, na vidole vyake vikagusa kitambaa.

Ilikuwa leso yake ya maua mekundu, imetandikwa vizuri, pembe zote zimenyooshwa.

Akakaa. Mama alipanda lini, na kifua kile? Hannah aliwaza jinsi mama alivyoshika kila kidaraja cha ngazi akikohoa, wala hakumwita mtu.

"Imesalia?" Fondo aliuliza kutoka uani.

"Imesalia." Hannah alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Rudisha mafiga ndani, Fondo. Kisha tafuta gari, twende kwa mama leo hii hii."