Ngazi za Mzee Sabuni

Siku fundi cherehani alipomkuta baba mkwe wake ameinama kwenye ngazi, suruali kaikunja hadi magotini na ufagio mkononi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amebeba furushi la sare za shule. Alilibwaga hapohapo.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nafagia, mama," mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Pita upande huu, huko bado."

Pita upande huu! Jamani, yako mambo mtu huweza kuambiwa na mkwewe, lakini si hilo. Akamnyang'anya ufagio kwa heshima, kama kunyang'anya kwa heshima kunawezekana, akamshika mkono, akamrudisha ndani na kufunga mlango kwa komeo kana kwamba wametoka kuiba.

Sasa tuelewane. Mzee huyu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sabuni kwa miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana watu walimwita Mzee Sabuni. Na katika miaka yote hiyo ya kuwatengenezea wenzake sabuni, yeye hakuwahi kuosha hata kikombe. Akishakunywa chai alikiacha palepale, nacho kiliondoka chenyewe. Kumbe ni mkewe. Mke alipofariki, miaka miwili iliyopita, vikombe vikaanza kukaa. Ndipo mwanawe wa kiume, dereva wa malori ya safari ndefu, alipomchukua aje kuishi kwake. Yaani aje kuishi na mke wa dereva, yule fundi cherehani, kwa sababu dereva mwenyewe nyumbani kwake alikuwa mgeni.

Fundi alimpokea kwa wasiwasi, akaishia kumpenda. Mzee alimshikia futi ya kupimia. Alimsomea gazeti kwa sauti huku cherehani ikinguruma, akizigeuza habari ili zichekeshe, hata za misiba ya viongozi. Jioni walicheza karata, naye mzee akiiba waziwazi na kuapa kwamba hajaiba. Baba yake mzazi fundi alikufa yeye akiwa mchanga. Huyu alikuja akakaa mahali pale palipokuwa wazi siku zote.

Tatizo lilikuwa ngazi. Jengo lilikuwa na ghorofa nne, milango minane, na ngazi za kupandia ni hizo hizo tu. Zamani wanawake walizifagia kwa zamu. Wanaume je? Wanaume walipita. Kisha wanawake nao wakapata kazi za kutwa, zamu ikafa, na hakuna aliyejishughulisha kuizika. Cha wote kikawa si cha mtu. Maganda, vipisi vya sigara, mifuko ya taka iliyowekwa nje "dakika moja tu" ikakaa siku tatu mpaka ikavuja. Kila mtu alifagia kwake hadi kizingitini, akausukuma uchafu nje kwa mguu, akafunga mlango na kujiona msafi. Fundi naye alifanya hivyo hivyo, tusimfichie.

Halafu Alhamisi moja akakanyaga mafuta yaliyovuja kwenye mfuko wa mtu. Akashuka ngazi sita kwa makalio, furushi limemtangulia. Hakuvunjika, ila kiuno kilimwaka moto hadi usiku. Mzee alimchemshia maji ya kukanda, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasha jiko tangu azaliwe. Asubuhi yake ndipo alipokutwa kainama.

Majirani nao hawakulala. "Mwenzangu, hongera," alisema Mama Pacha wa mlango wa kuelekeana nao. "Nasikia siku hizi umeajiri." Karani wa ghorofa ya nne, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, yeye aliliruka rundo la taka alilofagia mzee huku akitikisa kichwa. "Mzee mzima! Kweli dunia imekwisha." Haikupita wiki, jengo zima likawa na neno moja: mkaza mwana anamtumikisha mzee wa watu.

Kwa hiyo fundi akauficha ufagio. Aliuweka juu ya kabati, ukaonekana. Akauweka nyuma ya majora ya vitambaa, ukaonekana. Akauingiza chini ya kitanda chake mwenyewe, mahali ambapo baba mkwe hawezi kutia mguu. Mzee hakugombana naye. Alikwenda zake sokoni, akanunua mwingine, mfupi, wa kuinamia. Akawa anasubiri cherehani ianze kunguruma, ananyata hadi mlangoni kama mtoto anayekwenda kudokoa sukari.

Maneno yakamfikia wifi. Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa dereva, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke ambaye hata kikohozi chake kilikuwa amri. Akapiga simu.

"Wifi, nasikia baba yangu umemgeuza mfagiaji. Jumamosi nakuja kumchukua. Mfungie nguo zake."

"Wifi, hebu nisikilize kwanza..."

Simu ilishakatwa.

Fundi akabaki ameishika. Hofu ya kwanza ilikuwa ya jina lake: ataonekana mtu wa namna gani kwa ndugu wa mume? Hofu ya pili ilikuja polepole, ikamchoma zaidi. Aliiwaza nyumba bila mzee. Cherehani, ukuta, na gazeti lisilosomwa na mtu.

Ijumaa akaamua kumwangukia mzee miguuni ikibidi. Alimkuta amekaa kwenye ngazi, mkono kiunoni, anatweta. Akaketi karibu naye, ngazi moja chini yake.

"Baba, wifi anakuja kesho kukuchukua. Anasema nakutesa. Watu wote wanasema nakutesa. Naomba uache, nikamwambie umeacha, ubaki. Nakuomba sana, baba."

Mzee aliulaza ule ufagio mfupi magotini.

"Siku ile nilikusikia ukianguka," alisema. "Nilikuwa nimekaa ndani. Mafuta yale niliyaona asubuhi, mama. Nikayaruka. Nikajisemea, atapita mwanamke atayafuta." Akaigusa ngazi kwa kiganja. "Nimeruka maisha yangu yote. Nimechoka kuruka."

Machozi yakamtoka fundi. Na aibu ikamshika, kwa sababu mafuta yale hata yeye aliyaona asubuhi hiyo wakati wa kutoka. Alikunja gauni, akapita.

Alasiri aliacha kazi ya watu mezani, akaenda dukani. Alirudi na ufagio wa mpini mrefu, uliomfikia mzee kifuani.

"Shika huu, baba. Ule mfupi utakuvunja mgongo."

"Na wifi yako?"

"Wifi yangu niachie mimi."

Akarudi kwenye cherehani, kazi ya watu ikimsubiri.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa kwa nguvu. Fundi akafungua. Wifi alikuwa amesimama pale, uso umejaa hasira, mkoba begani, viatu mkononi. Miguu peku.

"Karibu, wifi. Viatu umevivulia wapi?"

"Si hapo chini, mlangoni, kwani..." Akavitazama viatu. Akageuka kuzitazama ngazi alizozipanda peku kutoka chini hadi ghorofa ya tatu bila kujijua, kama mtu aliyeingia sebuleni kwa watu. Zilikuwa safi hadi kwenye kona.

Hasira haikumtoka kwa hilo, la hasha. Aliingia, akasema shikamoo, baba yake akaitikia marahaba, na jicho la wifi likatua kwenye ufagio mpya ulioegemezwa ukutani.

"Nani kampa baba yangu ufagio?"

Hapo fundi angeweza kujiokoa, na kwa ukweli mtupu: mara tatu aliuficha, mzee ndiye aliyeng'ang'ania. Maneno yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Huo nimemnunulia mimi, wifi," akasema. "Jana."

"Umemnunulia."

"Mrefu, asiwe anainama."

Wifi alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekojoa makusudi. "Baba, chukua mfuko wako, twende."

"Sikutumwa na mtu, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Mwenzio alinikataza mpaka akachoka. Nafagia kwa sababu ni kazi ndogo tu. Nusu saa imekwisha. Mimi sikuwa najua."

Lo! Ndilo neno lililomlipua.

"Nusu saa?" Sauti iliyozoea kuamrisha wodi nzima ikapasuka. "Kama ni nusu saa, mbona hukumfagilia mama? Miguu imevimba, anafagia uwanja mzima kila asubuhi, nawe unapita kwenda kazini unamwambia asogee, umechelewa! Nilikuwa dirishani, baba. Nilikuwa naona. Mama hukumfagilia, leo unawafagilia watu baki!"

Akaketi kwenye kiti cha wateja na kulia kwa kwikwi. Siku zote hizo fundi alidhani wifi ana hasira naye.

Mzee hakujitetea.

"Niliogopa," alisema. "Nilidhani nikishika ufagio nitapungua. Wenzangu kiwandani wangenicheka. Ndivyo tulivyolelewa, lakini hiyo si sababu, maana macho nilikuwa nayo. Nilimkosea mama yako, na hayupo nimwombe radhi. Nakuomba wewe, mwanangu. Nisamehe."

Fundi aliona kama hasemi sasa, hatasema tena.

"Wifi, baba ni wako, siwezi kukuzuia kumchukua. Lakini ujue nampenda. Akiondoka hapa, nyumba hii itanishinda."

Wifi akajifuta uso kwa kiganja, kushoto na kulia. Akainuka. Akaenda ukutani, akauchukua ufagio, akamkabidhi baba yake.

"Fagia nikuone."

"Nimekwisha kufagia tangu asubuhi, mwanangu. Pote ni safi."

"Fagia hivyo hivyo. Mama hakukuona. Acha nikuone mimi."

Mzee akatoka nje. Akaanzia mlangoni kwao, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akishuka kinyumenyume na kufagia pasipo na vumbi. Wanawake wawili wakakaa kizingitini bega kwa bega, wifi bado peku. Mama Pacha alifungua mlango kidogo, akaona, akaurudisha polepole.

"Kona, baba," wifi akasema, machozi yanamtiririka naye anacheka. "Mama alikuwa haachi kona."

"Naam. Kona."

"Abaki kwako," wifi akamnong'oneza fundi bila kuyatoa macho kwa baba yake. "Lakini nitakuwa nakuja kumwona."

Fundi akaukamata mkono wake, akaubana.

Chini kukasikika viatu. Ni karani, anapanda na tai yake, sigara mdomoni, ana haraka kama kawaida yake. Akafika mgongoni kwa mzee, akainua mguu ili apite.

"Sogea kidogo, mzee, nimechelewa."

"Simama hapo, ndugu," wifi akasema kutoka juu, kwa ile sauti ya wodini. "Baba yangu anafagia."

Karani akaushusha mguu. Akasubiri.